Mwaka wa Flashi ya Kuazima

Kutoka Songea hadi Sumbawanga nilisafiri siku mbili, kompyuta nimeipakata, nimeifunga ndani ya blanketi kama mtoto anayepelekwa kliniki. Niliwahi kuiweka kwenye buti la basi nikielekea Tabora, ikashuka na ufa kwenye kona ya kioo, na tangu hapo tulisafiri tumekumbatiana. Njombe tulipita kwenye ukungu. Mbeya nililala. Tunduma basi lilisimama muda mrefu nyuma ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka, kisha likapata upenyo, na nchi ikaanza kufunguka. Miti ilipungua kidogo kidogo mpaka nikabaki naangalia majani, mashamba na mbingu.

Hiyo ndiyo nchi niliyoifuata. Nilipokuwa sekondari, kitanda cha juu yangu alilala mwanafunzi Mfipa aliyekuwa akijisifu kwamba kwao mtu anaiona mvua inakuja akiwa bado na muda wa kuanua nguo, kuingiza mbuzi na kumaliza ugali wake. Wenzangu walimcheka. Mimi niliyaweka maneno yake zaidi ya miaka ishirini. Nina ugonjwa huo. Mtu akipataja mahali kwa mapenzi, napakumbuka kana kwamba nimewahi kuishi huko, na siku moja nafunga mzigo. Nilikuwa nimevuka arobaini, sina shamba wala nyumba. Nilikuwa na kompyuta, printa ndogo na kazi ya kuchapa: barua za maombi, kadi za harusi, mihtasari ya vikao. Kila mji una watu wanaoandikia ofisi, kwa hiyo kila mji ulinifaa.

Nilipata chumba kwa mama mmoja, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mwenye ua mpana na sauti ya kuita mahudhurio.

“Utakaa muda gani?” aliniuliza.

“Mwezi, mama. Ukizidi sana, mwezi na nusu.”

Siku hiyohiyo nilinunua godoro na sikulitoa kwenye nailoni yake, ili siku ya kuondoka niliuze likiwa safi. Kila nilipojigeuza lilipiga kelele kama mtu anayetembea juu ya majani makavu. Asubuhi ya kwanza mama mwenye nyumba aliniambia, “Usiku umesafiri wewe! Nimekusikia mpaka chumbani kwangu.”

Nilipata nafasi ya meza kwenye baraza karibu na soko, na wateja wakaja mapema kuliko nilivyotarajia. Tatizo likawa kompyuta. Miaka mingi ilikuwa imepokea flashi za kila mtu, na kila flashi ilikuja na virusi vyake. Folda zilikuwa zikigeuka shotikati, vijialama vya njia ya mkato tu, ukizibonyeza hupati kitu. Juu ya hayo, mfumo niliokuwa nautumia ulikuwa nakala ya magendo niliyowekewa na fundi wa njiani, na kila ukiwaka ulinitangazia kwenye kioo cheusi kwamba si halali. Ilichukua muda wa kunywa chai na chapati mbili kabla haijawa tayari kufanya kazi.

Na kweli, chai na chapati ndizo zilizonikutanisha na mwalimu wa kompyuta wa sekondari moja jirani na soko. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka kama kumi, mwembamba, anavaa koti zito hata jua likiwaka. Aliitazama kompyuta yangu ikihangaika, akatikisa kichwa.

“Kaka, hii umeionea huruma kwa muda mrefu. Kwa nini usihamie Linux?”

“Ni kitu gani?”

“Mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta. Ni wa bure, halali kabisa, unaruhusiwa kuutumia na kumpa mwenzako. Hivi virusi vya flashi havijui hata pa kuingilia.”

“Bure kabisa? Kuna nini ndani?”

“Ona huyu! Vya magendo unavipenda, cha halali unakiogopa.”

Aliniazima flashi yake, aliyoizungushia plasta nyekundu isipotee. Alinionyesha kitufe cha kubonyeza wakati kompyuta inawaka, akanisisitiza, “Usiitoe mpaka umalize,” halafu kengele ya kipindi ikamkimbiza.

Nilifanya kama alivyosema. Kompyuta ikawaka na sura ngeni kabisa, ya rangi tulivu, haina tangazo wala lawama. Ilinijia hisia ya kuingia chumba kilichopakwa rangi jana. Nilifungua programu ya kuandikia, nikaandika jina langu, likaandikika. Nikahifadhi, nikafunga, nikafungua tena, likawepo. Pembeni kulikuwa na alama ya kusakinisha, nami nikaichukulia kuwa tangazo la kitu kingine, maana mfumo si huu hapa, naufanyia kazi? Nikaifukuza machoni. Flashi nikaiacha ilipo, kama ufunguo unavyobaki kwenye gari.

Kwa furaha ya usafi ule niliweka sheria: hakuna flashi ya mteja itakayoingia kwenye kompyuta yangu tena. Mwenye kazi aje na karatasi, nichape upya. Printa tu ndiyo ilikuwa haijaelewana na mfumo mpya, nikasema nitaishughulikia wiki ijayo, na wateja wakakubali kusubiri. Kompyuta sikuizima kamwe. Jioni nilifunika kifuniko ikalala, asubuhi nikakifunua ikaamka pale pale tulipoachia.

Siku hizohizo mama yake mama mwenye nyumba alifika kutoka Mwazye. Alikuja kutibiwa goti, akaja na magunia manne ya maharage mapya ambayo hayajachambuliwa, kwa sababu hakumwamini mtu mwingine yeyote kuyachambua. Nilimpokea mlangoni.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mume wangu. Umekuja kunioa au umekuja kula maharage?”

“Vyote, bibi.”

“Tamaa hiyo! Haya, leta ungo.”

Katika familia ile hadithi zilikuwa kazi ya mavuno. Zilisimuliwa na mtu ambaye mikono yake imo kwenye maharage mapya, na zilidumu tangu ungo wa kwanza mpaka gunia la mwisho linaposhonwa mdomo. Baada ya hapo zimefungwa hadi mavuno mengine. Nilipouliza sababu, bibi alinishangaa. “Chakula kikishakuwa ndani unasimulia nini? Panya wanasikia, wanajua kilipo.”

Mama mwenye nyumba alikuwa na shauku moja, na aliniambia wazi siku ya kwanza ya kuchambua. Watoto wake walikuwa Mwanza na Dar es Salaam, na wajukuu hawakujua hata salamu ya Kifipa. Mama yake mdogo, aliyezijua hadithi zote za nyumba ile, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia na kwenda nazo. Aliyebaki nazo alikuwa bibi peke yake. Kumrekodi kwa simu haikuwezekana, kwani mjukuu mmoja alishamrekodi, akaituma rekodi kwenye kundi la familia, na kicheko chake cha fizi kikazunguka mpaka kwa wakwe. Bibi aliapa kutozungumza tena mbele ya simu. Na mkono wa mama mwenyewe, baada ya miaka yote ya chaki, ulikuwa ukitetemeka akishika kalamu.

“Wewe unachapa haraka,” aliniambia. “Mama atasimulia, mimi nitakugeuzia kwa Kiswahili, wewe uandike. Nyimbo nitakutajia herufi kwa herufi. Nataka kitabu, hata kama ni cha kurasa arobaini.”

Siku tisa asubuhi tulikaa uani kuota jua, maana mwezi wa sita Sumbawanga kivuli kinauma. Bibi alichambua na kusimulia, bintiye aligeuza, mimi nilichapa. Hadithi kumi na moja. Ya fisi aliyejifanya mfua chuma ndiyo iliyonichekesha zaidi. Fisi alijenga tanuri refu la udongo kama wazee wa zamani, akaliwasha, lakini kila chuma kilipokaribia kuiva alisikia harufu ya nyama mahali, akaondoka. Mpaka leo anazunguka na mkaa mdomoni anatafuta tanuri lake.

“Huyo fisi namfahamu,” mama mwenye nyumba alisema akinitazama. “Amepanga kwangu.”

Jioni ya siku ya tisa bibi alichukua sindano ya gunia na uzi wa katani, akashona mdomo wa gunia la nne, akakata uzi kwa meno mawili aliyokuwa nayo. Kesho yake asubuhi mwalimu wa kompyuta alikuja barazani kwangu mbiombio.

“Kaka, naomba flashi yangu, nina mtihani wa kupeleka kuchapwa.”

“Ipo hapo pembeni, chukua.”

Akaichomoa. Kabla hajafika hatua tatu kioo kikaganda. Kishale hakiendi. Nilibonyeza hiki na kile, mwisho nikashikilia kitufe cha kuzimia, nikawasha upya. Kioo cheusi kikaja, na lile tangazo la kuwa si halali, kama mgeni mkorofi ambaye kumbe hakuwahi kuondoka.

Mwalimu alirudi taratibu. “Kaka, ulisakinisha?”

“Si unaona natumia?”

“Kutumia si kusakinisha. Kuna mahali ulibonyeza kusakinisha?”

“Lile tangazo?”

Akaweka mkono kichwani. “Mfumo ulikuwa unaishi kwenye flashi. Ule ni wa kuonja, uone kama utaupenda, ndipo usakinishe. Wewe umeonja siku ngapi?”

“Kumi.”

“Siku kumi! Na ulichoandika?”

“Nilihifadhi. Kila siku nilihifadhi.”

“Ulihifadhi kwenye kumbukumbu ya muda. Ikizimwa inasahau yote.”

Tulijaribu alichokijua, na alichokijua kilikuwa kingi, lakini palikuwa hapana kitu cha kufufua. Nilitembea hadi nyumbani kwa njia ndefu. Mama mwenye nyumba alikuwa akianika nguo. Nilimwambia yote bila kujitetea. Alibana kibanio cha nguo, akabana kingine.

“Hata ya fisi?”

“Hata ya fisi, mama.”

Aliingia ndani kumsihi mama yake. Nilisikia Kifipa kirefu cha binti na Kifipa kifupi cha mama. Kisha bibi akatoka kwa fimbo yake, akakaa juani.

“Mume wangu, gunia limeshonwa.”

“Najua, bibi. Lakini mimi naondoka wiki ijayo. Nina safari ya Mpanda.”

“Mpanda kuna nini?”

Nilifikiri. Kusema kweli Mpanda palikuwa na kijiwe kimoja ambacho dereva wa lori alikisifia. “Hakuna kitu, bibi.”

“Basi mavuno yajayo nitakuja na maharage. Ukiwepo utaandika. Usipokuwepo, nitachambua na kunyamaza.”

Bibi yule alikuwa na umri ambao hata bintiye aliukadiria tu. Mavuno yajayo yalikuwa mwaka mzima mbele. Mama mwenye nyumba aliyapiga mahesabu hayo, nikayaona usoni mwake, na hakunilaumu kwa neno. Angenilaumu ningeondoka kwa raha. Niliingia chumbani, nikachukua mkasi, nikalichana godoro nailoni yake, nikaitoa nje na kuitupa kwenye shimo la taka.

“Lo!” mama alisema. “Leo tutalala.”

Jumamosi mwalimu alikuja na flashi yake ya plasta nyekundu kunisakinishia mfumo kwa njia halali. Alinilazimisha nifanye kwa mkono wangu, yeye akaketi amekunja mikono. Kazi zangu za zamani tulishazinakili pembeni. Tulifika mahali ambapo kompyuta inauliza swali kubwa, nami nikasita, kidole juu. Bibi, ambaye alikuwa akisubiri gari la kurudi Mwazye, alinyoosha shingo.

“Inauliza nini?”

“Inaomba ruhusa ya kufuta vyote vilivyomo, bibi.”

“Ina adabu. Wewe ulifuta vyangu bila kuomba.”

Mwalimu alicheka mpaka koti likamvuka bega. Nikabonyeza.

Mwaka ule ulikuwa wa raha kuliko nilivyostahili. Nilijifunza kuandika amri kwenye dirisha jeusi, na kila amri ilipokubali nilijiona daktari. Printa ilinisumbua wiki tatu, kisha asubuhi moja ikatoa ukurasa bila kuombwa mara ya pili, nami nikausimamisha mtaa mzima kuwaonyesha ukurasa mweupe wenye neno “jaribio”. Mfanyabiashara wa dagaa kutoka Kirando alikuja analalamika kwamba orodha ya wanachama wa kikundi chao imeliwa na virusi. Niliichomeka flashi yake kwa hofu, na kumbe mfumo mpya ulikuwa unaziona folda zote zilizofichwa. Zilikuwa zimekaa pale pale, zimejifunika tu.

“Mambo yote yamo!” alipiga kelele. “Huyu jamaa ni hatari.”

Habari zikaenea. Wakaja na flashi zao kutoka Ilemba, wakaja wafugaji wa Kisukuma na barua za kijiji zilizopotea, akaja mwalimu mkuu na ratiba. Niliwarudishia karibu wote vitu vyao. Kila aliponishukuru mtu, nilizikumbuka hadithi kumi na moja ambazo hazikufichwa popote.

Mvua nayo niliiona. Mwanafunzi yule wa kitanda cha juu hakunidanganya. Ilionekana mbali upande wa vilima, kama pazia la kijivu, nikaanua nguo zangu na za mama, nikaingiza meza, nikamaliza chai, ndipo tone la kwanza likagonga bati. Nilitamani kumwambia. Sijui alipo.

Mwezi wa pili habari ikaja kutoka Mwazye kwamba bibi ana homa ya mapafu. Mama mwenye nyumba alienda na kukaa huko wiki mbili. Mimi nilibaki na funguo za nyumba na kazi ya kuwapa kuku pumba, na sijawahi kuisubiri simu namna ile. Alipopiga mwishowe, sauti ya nyuma ndiyo niliyoitambua kwanza. Bibi alikuwa anauliza kama mume wake amelisha kuku au amewala.

Mwezi wa sita aliteremshwa kwenye lori la mahindi, amekonda, amefungwa mablanketi mawili, na gunia moja tu la maharage. “Mwaka huu nguvu ni ya gunia moja,” alisema. Kwa hiyo tulichambua polepole. Hakuna aliyesema kwa nini. Bibi aliliangalia harage moja moja kama analisaili, na mama akishika ungo alikuwa mzembe kwa makusudi.

Nilichapa na kuhifadhi kila hadithi mahali patatu: kwenye kompyuta, kwenye flashi yangu mwenyewe niliyoizungushia plasta ya bluu, na kwenye karatasi, iliyotoka kwenye printa hadithi ikiisha tu. Hazikuwa zilezile. Fisi safari hii hakuwa na mkaa mdomoni. Alikuwa na koleo, na alikuwa na mke. Mbili za mwaka jana hazikurudi kabisa. Bibi alisema hazikumbuki, na mama akatazama chini kidogo, kisha akaendelea kugeuza. Lakini zilikuja nne ambazo hata yeye hakuwahi kuzisikia.

Katika hizo kulikuwa na moja iliyowafanya majirani waliokuja kusikiliza wacheke kabla haijanifikia. Kifipa changu kilikuwa kimeanza kuota miguu, nikaanza kuikamata mwenyewe huku vidole vikienda. Mgeni mmoja alikuja kutoka mbali amebeba sanduku linalomeza hadithi. Wazee wakalilisha siku nyingi, likanenepa, halafu mgeni akalitikisa kidogo likasahau yote. Mgeni akataka kukimbia. Wazee wakamshika? Hawakumshika. Walimfichia usingizi wake tu, godoro lake likapiga kelele kila alipojaribu kutoka.

“Godoro!” nilisema.

“Andika, mume wangu,” bibi alisema. “Usiniharibie.”

Gunia lilishonwa siku ya kumi na nne. Nilichapa kitabu, kikafungwa kwa waya wa plastiki, kurasa hamsini na mbili, na nakala kwa kila mtoto wa nyumba ile. Bibi alikipokea kwa mikono miwili, akakipima uzito.

“Chepesi,” alisema. “Nilidhani nimesema mengi.”

Lakini alilala nacho mchana ule, kikiwa kifuani chini ya blanketi. Mama mwenye nyumba aliisoma ya fisi kwa sauti kwenye simu, wajukuu wakasikiliza kutoka Mwanza, na mmoja akauliza kama fisi alipata tanuri lake. Siku tatu baadaye nilikuwa stendi.

Nilijua kwamba sirudi. Nimeshaondoka mahali pengi, naijua tofauti. Godoro nilimwachia bibi, aliyesema sasa lina adabu. Mwalimu wa kompyuta alinipa flashi ya plasta nyekundu, nami nikampa ile ya bluu yenye hadithi zote. Mama mwenye nyumba hakuja stendi. Aliniaga uani, akarudi kwenye nguo zake, kibanio mdomoni. Bibi alinipa mfuko mdogo wa maharage, mdomo umefungwa kwa fundo tu.

“Huu sikuushona,” alisema.

Kompyuta niliizima kabisa, nikaipakata bila wasiwasi wa itakachokumbuka. Lakini mfuko niliuweka juu yake, na kwenye tuta la Laela fundo likafunguka. Maharage yakatapakaa sakafu nzima ya basi. Abiria wakainama, mzee wa kiti cha mbele, mama mwenye kuku, utingo mwenyewe, wote mikono chini wanaokota.

“Umetoka wapi na maharage mazuri hivi?” mama mwenye kuku aliuliza kutoka chini ya kiti.

Mikono yangu ilikuwa imejaa. Nikamwambia kulikuwa na fisi aliyejifanya mfua chuma.